Chumba cha Ruiru Juu ya Jukwaa Kubwa

Nyinyi mnaokunja waya kwa kuizungusha kwenye kiwiko, hebu njooni mkae hapa mbele kwanza. Nina neno na nyinyi. Waya ikikunjwa hivyo hujipinda kwa ndani. Kwa nje mnaiona nzima, halafu siku ya harusi, bibi harusi ameshika maiki amshukuru mama yake, inakufa. Mnaanza kuitikisa na kulaumu stima. Waya hukunjwa kwa mkono, duara moja likielekea nje, linalofuata likielekea ndani, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Nimefanya kazi ya mitambo ya sauti Thika na Ruiru na viwanja vyote vya katikati kwa miaka mingi kuliko umri wenu, na waya haijawahi kuniaibisha. Mambo mengine yameniaibisha, lakini si waya.

Jina langu ni Nyambura, ingawa wanaolitumia ni benki na daktari tu. Watu wa rika langu huniita Mama Spika. Vijana huniita Shosh, yaani nyanya yao, na mimi huitika, kwa sababu nywele zimekwisha kunisaliti. Sasa nimestaafu. Niko Ngoliba na kuku wangu na ndengu zangu, na kelele kubwa ninayoisikia ni ya jogoo mmoja ambaye hajui asubuhi ni saa ngapi. Ningekuwa na kitufe chake ningemshusha kidogo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gathogo, mwenye spika zake na pikapu ya kuzibebea. Alinichukua kutoka kwaya ya kanisa kwa sababu nilikuwa namsumbua kila Jumapili kwamba sauti za wanawake hazisikiki. Siku moja aliniambia, "Basi njoo uziweke wewe." Nilidhani ananidhihaki. Jumatatu akaja nyumbani kunichukua.

Mzee Gathogo hakuwa na haraka ya kugusa vitufe. Kuna mkutano mmoja wa injili pale Thika ambapo mpiga ngoma alikuwa akipotea katika kila wimbo. Mchungaji alilalamikia spika, kwaya ikalalamikia spika, hata muuza maji akalalamikia spika. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika vitufe vyote ninavyovijua. Mzee akapanda jukwaani, akamwomba yule mpiga ngoma asimame, akaketi kwenye kiti chake. Alikaa pale kitambo, amekunja uso. Kisha akashuka, akaita vijana, wakavuta turubai ya jukwaa hatua chache. Jua lilikuwa likimpiga yule kijana machoni! Hakuwa anamwona kiongozi wa kwaya hata kidogo. Wimbo uliofuata ulikwenda vizuri, na mchungaji akatushukuru kwa kurekebisha spika.

"Nyambura," Mzee aliniambia tukipakia vitu, "kabla hujagusa kitufe, keti kwenye kiti cha mwenye shida."

Mambo yamebadilika sana tangu siku hizo. Mikisa yetu ya kuchanganyia sauti ilikuwa nzito, ikibebwa na watu wawili wanaopendana, maana wasiopendana wangeiangusha. Leo naona fundi anazunguka uwanjani na tableti mkononi, anagusa kwa kidole kimoja, soda iko kwenye mkono wa pili. Sina wivu. Kidogo tu. Lakini kuna ujanja fulani ambao tableti haijaubadilisha. Mwanasiasa akikataa kurudisha maiki, usimzime, utaleta vita. Mshushe taratibu, kidogo kidogo, mpaka yeye mwenyewe adhani koo limechoka. Atakunywa maji, ataketi, na atakupa mkono akishuka.

Sasa, nimewaita kwa ajili ya bendi ya Mataulo. Wengi wenu mna bendi zenu wenyewe, hamna kampuni ya kuwashika mkono, na kila mmoja wenu analiota lile tamasha kubwa la Nairobi. Kwa hivyo sikilizeni.

Mataulo ni watatu. Wambui ndiye mwimbaji, na huku akiimba anavuta akodioni aliyoachiwa na guka wake, babu yake, mzee aliyepigia watu dansi ya mwomboko kwenye harusi nyingi za upande huo. Wambui nimemjua tangu akiwa katika kwaya ya watoto. Mutua anapiga besi. Kevo anapiga ngoma, na siku za kazi yuko kwenye kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika, anaangalia mashine za kufuma.

Mazoezi yao yote waliyafanyia katika chumba cha Wambui, Ruiru, chumba kimoja cha kupanga kwenye ploti yenye majirani kila upande. Walisimamisha godoro dirishani. Ngoma za Kevo zilifunikwa taulo, ile kubwa ikajazwa blanketi, ili keateka, msimamizi wa ploti, asije kugonga mlango. Ndipo majirani wakawaita Mataulo, na jina likashika. Mutua alikaa kitandani. Kevo alijibana kati ya meko na mlango, goti lake likigusa kiti cha Wambui. Akitaka kutoka, lazima wote wasimame. Na msidhani majirani walikuwa wakali. Jirani wa ukutani, Mama Tasha, alikuwa amezijua nyimbo zote. Nilimsikia kwa masikio yangu akipiga kelele kutoka upande wa pili, "Wambui! Hiyo ya pili leo mmeikimbiza!" Na kweli walikuwa wameikimbiza.

Basi wakapata nafasi katika tamasha. Saa za mchana, jua kali, watu wengine bado wanaingia getini, lakini ni jukwaa lilelile kubwa. Wambui alinipigia simu akipiga mayowe mpaka kuku wakakimbia. Nilifurahi vibaya sana siku hiyo. Nilicheza peke yangu katikati ya ndengu.

Kabla ya tamasha wakaalikwa kupiga katika sherehe ndogo uwanjani Thika, wajipime. Ikaharibika. Kevo alianza vizuri, akavuta nyuma, akavuta tena, mpaka wimbo wa tatu ukasimama katikati, na watu wakapiga makofi ya kuhurumia. Siku chache baadaye simu yangu ikalia tena.

"Shosh, Mutua anasema tumtoe Kevo."

"Mumtoe wapi?"

"Kwa festival. Ati kuna msee wa ngoma huko Nairobi, amecheza na watu wakubwa. Ati Kevo ana-drag, anachelewesha wimbo, akiwa kwa stage."

"Na Kevo mwenyewe amesema nini?"

"Amesema ni sawa." Hapo akaanza kulia. "Shosh, hiyo sawa yake ndio inaniua. Kuja umwambie Mutua hiyo si poa."

Nilimwambia nitakuja, lakini sitamwahidi nitasema nini. Kama kijana hawezi kazi, hawezi, na mtu wa mitambo hamdanganyi mwanamuziki kwa sababu anampenda. Hata hivyo, nikiwa njiani, nilikuwa naomba Mungu nisimkute hawezi.

Nilipofika Ruiru Jumamosi iliyofuata, Mutua alinipokea mkoba, akaniwekea mto nikae. Ni kijana mwenye adabu. Msije mkamchukia katika hadithi hii, kwa maana mimi simchukii.

"Shosh, mimi sina beef na Kevo," alisema, Kevo akiwa palepale akifunga taulo zake kimya. "Ni beshte yangu, rafiki kabisa. Lakini nimepigia watu wengine kwa mahoteli mpaka nikazoea kuitwa 'wewe wa besi.' Hii ndio mara ya kwanza jina letu liko kwa poster. Tukianguka huko mbele ya watu, nani atatuita tena?"

Alikuwa anasema ukweli, na kila mtu chumbani aliujua. Nikawaambia wapige.

Walipiga bila kosa. Ngoma zilikuwa chini ya taulo lakini kila pigo lilikaa mahali pake, mpaka Mama Tasha akanyamaza huko kwake, jambo ambalo ni kama cheti. Mutua akainua mikono. "Unaona? Hapa yuko fiti. Kwa stage anapotea. Ni nerves, ni woga."

Nikamkumbuka Mzee Gathogo. Nikamwambia Kevo asimame. Ikabidi wote wasimame. Nikaingia kwa kiuno na kwa maombi kati ya meko na mlango, nikaketi kwenye kiti chake, magoti yakilia.

"Pigeni bila ngoma," nikawaambia Wambui na Mutua.

Wakapiga, na kiwiko cha Wambui kikaja karibu kunitoa jicho. Kila akodioni ilipofunguka, kiwiko kilitoka, na kilitoka kabla kidogo ya sauti. Bega linainuka, kiwiko kinatoka, ndipo sauti inakuja. Ukikitazama kile kiwiko, huwezi kukosa pigo hata ukitaka.

"Kevo," nikamwita. "Ukicheza unaangalia nini?"

Aliona haya. Alitazama sakafu. "Kiwiko ya Wambui."

"Na masikio?"

"Shosh, kule job mashine zinapiga kelele siku mzima. Tumeziba masikio. Hatusikizani, tunaangaliana. Mwenzako akiinua bega hivi, unajua uzi imekatika kwake, unaenda. Mimi nimezoea hivyo. Sikujua ni makosa."

"Na kule uwanjani uliona nini?"

"Mgongo. Na zipu ya dress."

Haiya! Wambui alicheka mpaka akalia, au labda alilia mpaka akacheka. Kule uwanjani walikuwa wamepangwa kama bendi zote zinavyopangwa, mwimbaji mbele kabisa amewaelekea watu, mpiga ngoma nyuma mbali, kila mtu na nafasi ya kugeuza lori. Kevo aliachwa na spika ambazo hajawahi kuzitegemea maishani.

"Kwa hivyo time ya mapigo hana," Mutua akasema, lakini sasa kwa sauti ya chini.

"Time anayo," nikamjibu. "Iko kwa kiwiko cha Wambui. Tukihamisha kiwiko, tumehamisha time."

Nikachukua waya ya maiki, nikapima chumba. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha Wambui, kutoka kitini hadi kwenye meko, kutoka kwenye meko hadi mlangoni. Nilifunga uzi mwekundu kila mahali pa kukumbuka. Mutua alinitazama tu, haniulizi, maana alilelewa asiwaulize wazee kama wamerukwa na akili.

Wiki iliyofuata wakaja kwangu Ngoliba wafanye mazoezi bila taulo, kwa sababu huku hakuna keateka. Nilichora chumba chote ardhini kwa majivu. Kitanda hapa, meko pale, mlango kule. Kevo alipokiona aliinama akagusa majivu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu yale mambo ya Thika. "Shosh, meko umeikaribisha sana," akasema, na nikaisogeza.

Mutua hakutabasamu. "Stage ni kubwa hivyo, halafu sisi tusongamane katikati kama tuko kwa kiosk? Watatucheka."

"Wacheke wakicheza," nikamwambia.

Walipiga mpaka mbuzi wa jirani wakaja kusimama kwenye ua kutazama. Ilikuwa tamu. Shida ilikuwa moja tu, na shida hiyo ilikuwa Wambui. Wimbo ukimkolea, miguu yake haiko chini ya mamlaka yake. Mara mbili alitoka nje ya majivu akiimba, akaenda mpaka kwa wale mbuzi, na mara zote mbili Kevo akapotea papo hapo. Tulikubaliana mbele ya wote kwamba Kevo atacheza, na Wambui hatatoka chumbani. Wambui aliapa. Mutua alikubali shingo upande, akachukua simu, akampigia yule mpiga ngoma wa Nairobi mbele yetu. "Asante bro, tuko sawa," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Kuhusu siku yenyewe, ambayo walinichukua niwe fundi wao wa sauti, nitawapa mawaidha machache, kisha nimalize. Bendi isiyo na mwenyewe hupewa muda mfupi wa kupanga vitu, na muda huo haukungoji. Njooni na waya zenu, mmeziandika majina. Njooni na tepu yenu. Betri za maiki ziwe mpya, si zile za rimoti ya nyumbani. Na msitumie dakika zenu kujisikiliza mkiwa watamu. Anayeanzisha wimbo asikilizwe kwanza, wengine watamfuata. Spika ya Kevo niliiwekea akodioni na sauti ya Wambui peke yake, iwe akiba.

Kisha nikapiga magoti, kwenye jukwaa lile kubwa la kutisha, nikachora chumba cha Ruiru kwa tepu nyeupe. Msimamizi wa jukwaa, msichana mwenye simu ya masikioni na haraka nyingi, alikuja mbio.

"Mama, hii ni nini? Mna stage yote hii!"

"Ni chumba."

"Chumba cha nani?"

"Cha yule msichana wa akodioni. Hapo ni meko. Na hapo uliposimama ni mlango, hebu toka watu wapite."

Alitazama chini, akaruka kando. Baadaye nilimwona akiuzunguka ule mstari kila akipita, heshima yake.

Walianza. Wambui alikaa kwenye kiti chake, amegeuka upande, kiwiko kimemwelekea Kevo, na watu wa mbele wakaonekana kushangaa mbona bendi imejikusanya hivyo katikati. Lakini wimbo wa kwanza ulikaa. Wa pili ukakaa, na hawakuukimbiza, Mama Tasha angejivunia. Watu walianza kusogea kutoka kwenye vivuli. Nilikuwa pembeni ya jukwaa, na moyo wangu ulikuwa umeshuka ukakaa mahali pake.

Ukaja wimbo wa mwisho, ule wa mwomboko wanaoupiga kwa kumkumbuka guka wake Wambui. Pale mbele mzee mmoja na mkewe wakashikana, wakaanza kuucheza kama ulivyochezwa zamani, hatua mbili kisha kuinama. Vijana waliowazunguka wakawaiga, vibaya lakini kwa furaha. Wambui akawaona. Nilimwona akiwaona. Nilisema "Ngai, Mungu wangu, usiende" kwa sauti, na hakuna aliyenisikia, maana spika zilikuwa zimewekwa vizuri.

Akaenda. Akavuka tepu, akaenda hadi ukingoni mwa jukwaa akiwaimbia wale wazee, mgongo wake kwa Kevo, zipu na yote.

Nikamtazama Kevo. Macho yake yalikwenda kwa Wambui, yakarudi kwenye kile kiti kitupu, yakaenda tena. Mkono ukawa mzito. Pigo moja likachelewa, na lililofuata likachelewa zaidi, na wale vijana wakaanza kugongana. Spika ya akiba ilikuwa inamlilia pale miguuni na hakuwa anaisikia. Niliumia kwa ajili ya mtoto yule kuliko nilivyowahi kuumia kazini.

Mutua naye aliona. Alikuwa upande wa kitanda. Nilimwona akinitazama, na nilijua angekuwa na haki ya kunitazama kwa jicho la 'nilikuambia.' Hakunitazama hivyo. Alivuka chumba akiwa bado anapiga, akaingia palepale pa Wambui, akageuka upande, na goti lake likagusa la Kevo. Kisha akainua bega, akatoa kiwiko. Akakirudisha. Akakitoa tena, wazi kabisa, kama mtu anayevuta akodioni ambayo hana. Besi haichezwi hivyo. Alionekana kituko mbele ya watu wote wale, yeye aliyeogopa kuchekwa.

Macho ya Kevo yakakipata kile kiwiko, na ngoma zikarudi. Zilirudi na nguvu mpya, mpaka Wambui akageuka kule mbele kutazama kumetokea nini, akawaona wale wawili wamekaribiana wakicheka, akarudi chumbani akipitia mlangoni. Mimi nililia, sitawaficha. Yule msichana wa jukwaa alinipa karatasi ya kufutia.

Nyuma ya jukwaa, Kevo alikuwa bado ameshika vijiti vyake, hataki kuviweka.

"Mutua," akasema, "ulijuaje anavyofanya? Hiyo bega, hiyo kiwiko, kila kitu."

"Si nimekaa kwa hiyo kitanda nikiwatazama kila Jumamosi." Mutua hakumtazama. "Halafu ulikuwa umebaki peke yako."

Alisema hivyo huku akikunja waya ya besi kwa kuizungusha kwenye kiwiko kilekile, vibaya kabisa, duara juu ya duara. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Siku ile nilimwacha. Nyinyi sitawaacha.